Fremu ya baiskeli ya lagi ikisumbua safarini: soma dalili kwanza, usikimbilie fundi wa gesi

Tuelewane kwanza tunaongelea fremu gani. Ni zile za baiskeli za chuma ambazo kila bomba linaingia kwenye soketi, hiyo soketi ndo lagi, afu fundi anapasha moto na kuyeyusha brasi au fedha mpaka inyonywe yote kwenye upenyo, chuma chenyewe hakiyeyuki. Waingereza, Wafaransa, Waitaliano na Wajapani wamezitengeneza kwa mkono miaka na miaka, na watu wa safari ndefu bado wanazipenda, kwenye Paris-Brest-Paris, kilometa 1200 ndani ya saa 90, utaziona zimechanganyika na za kaboni na titani. Huku kwetu nyingi zinashuka na makontena ya mtumba, mtu ananunua kwa bei ya kutupa bila kujua kwamba ile stika iliyochakaa ya Reynolds 531 au Columbus (majina ya bomba nyepesi za chuma bora) ina maana kubwa. Phoenix, Avon na Raleigh za breki za vyuma nazo ni fremu za lagi, ila bomba zake ni nene na chuma chake ni cha kawaida, zinavumilia mengi. Bomba la 531 (imekuwepo tangu 1935) kwenye fremu nyingi nyepesi lina ukuta wa milimita 0.8 kwenye ncha na 0.5 tu katikati. Hiyo nusu milimita ishike kichwani, maana nusu ya makosa yote yanatokana na mtu kuisahau.

Msimamo wangu ni kwamba malalamiko mengi ya fremu siyo ya fremu. Ni siti, ni hedseti (vibakuli na gololi za shingo ya usukani), ni gurudumu. Na yale ambayo kweli ni ya fremu karibu yote yana baba watatu: maji yaliyoingia yakakaa ndani, moto uliopitiliza, au kugongwa. Kwaiyo ukiwa na tatizo anza na vitu rahisi, fremu iwe ya mwisho kushukiwa, ila ukiifikia iangalie kweli kweli.

TIK, TIK, TIK KILA UNAPOKANYAGA

Bomba jembamba la chuma linasafirisha sauti vizuri sana, mlio utausikia kama unatoka chini kwenye kranki kumbe unatoka kwenye siti. Usiamini sikio, fanya majaribio. Simama kwenye pedeli bila kukaa: mlio ukikata, tatizo liko kwenye siti au bomba la siti, toa, futa, paka grisi, rudisha. Ukiendelea, fungua pedeli (ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kinyume na ya kulia, usije ukaikaza ukidhani unafungua), grisi kwenye nyuzi, kaza. Afu bolti za disk (ile gia kubwa ya mbele), afu kranki zenyewe kwenye eksoli. Mlio ukitokea pale tu unapovuta hendo kupanda mlima basi ni stemu (kile kipande kinachoshika hendo) na hendo, wala usihangaike huku chini. Na gurudumu la nyuma lifungue ulifunge upya, uchafu kidogo pale eksoli inapokaa kwenye dropauti (mkato wa fremu unaoshika gurudumu) unatoa mlio ambao watu wamebadilishia hadi botombraketi nzima (pale eksoli ya kranki inapozungukia) bila sababu.

Ukimaliza yote hayo na mlio upo, shika breki ya mbele baiskeli imesimama, weka pedeli moja mbele, ikandamize kwa mguu huku mwenzako ameweka vidole juu ya maungio ya botombraketi, bomba la chini (lile la mshazari) na bomba la wima (linaloingia bomba la siti). Kitu kikicheza ndani ya lagi atakisikia kwa vidole. Hapo nenda kwenye sehemu ya ufa huko chini.

USUKANI UNATETEMEKA MTEREMKONI

Hii ndo inatisha watu kuliko zote, na mteremko kama wa Kitonga na mizigo nyuma siyo mahali pa kujifunzia. Ikikutokea usikaze mikono, ukikaza unaongeza. Banisha goti kwenye bomba la juu, inua uzito kidogo kwenye siti, shika breki zote mbili taratibu mpaka mwendo ushuke. Goti peke yake mara nyingi linaua mtetemeko.

Ukishatulia tafuta chanzo. Kwanza hedseti: bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, ukisikia kugonga imelegea. Afu inua gurudumu la mbele uzungushe usukani taratibu, kama unanasa pale katikati kabisa basi vibakuli vimechimbika na gololi, kukaza hakusaidii, ni kubadilisha. Kuna hedseti za rola nyembamba badala ya gololi, zina uzito kidogo kwenye kuzunguka na huo uzito ndo unaotuliza mtetemeko, kwa fremu kubwa inayobeba mizigo naona ni hela imekwenda mahali pake.

Kama hedseti ni nzima angalia mzigo. Begi refu lililokaa juu na nyuma ya siti linayumba, na likiyumba linavuta fremu nzima, kwaiyo shusha vitu vizito viende chini karibu na eksoli na keria ikazwe isicheze hata kidogo, keria iliyolegea ni mtetemeko tayari. Baada ya hapo tairi limekaa sawa kwenye ringi? Ringi inanyooka?

Ndo uje kwenye fremu. Fremu ndefu ya mtu mrefu yenye bomba jembamba inajipinda kirahisi na hilo siyo kosa la fundi aliyeitengeneza, ilitengenezwa kwa mpandaji bila mzigo na we umeipa kilo 20. Wafaransa wao walizoea kuweka begi mbele, juu ya gurudumu, na foki zao zilipindwa mbele zaidi ili treli iwe fupi (treli ni umbali kati ya pale mstari wa shingo ya fremu unapogusa ardhi na pale tairi linapogusa), kama milimita 30 mpaka 40 hivi wakati fremu nyingi za barabarani ziko 55 mpaka 60. Ukiweka begi zito la mbele kwenye fremu ya treli ndefu usukani unakuwa mzito na unataka kuangukia upande kwenye mwendo wa polepole. Hiyo siyo kasoro ya kutengenezwa kwa gesi, ni mzigo kuwekwa mahali pasipo pake.

RANGI IMEPASUKA, AU UMEONA MSTARI

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo pa hatari.

Kwanza jua kama ni rangi au ni chuma. Rangi inapasuka hovyo, inabanduka vipande. Ufa wa chuma ni mstari mmoja mwembamba na mara nyingi una kutu inayotoka ndani kila ukiifuta. Kwangua rangi kidogo pale kwa msasa laini, mstari ukiwa bado unaendelea kwenye chuma basi ni ufa. Kama huna uhakika tumia njia ya mafuta ya taa na chaki: paka mafuta ya taa, acha yapenye, futa kabisa pakauke, afu paka chaki iliyosagwa, kama kuna ufa mafuta yatatoka tena na kuchora mstari kwenye chaki. Rahisi na inafanya kazi.

Sasa mahali ufa ulipo panakwambia chanzo.

Chini ya bomba la mshazari, sentimita chache nyuma ya lagi ya shingo: pitisha kidole uchi pale, macho hayaoni ila kidole kinasikia. Ukikuta mkunjo au uvimbe, na mwingine kama huo chini ya bomba la juu, hiyo fremu iligonga kitu kwa mbele siku moja. Ukinunua mtumba hapa ndo pa kwanza kushika, kabla hata ya kuuliza bei. Uvimbe hautibiki kwa nyundo, bomba limeshavutika na litapasuka hapohapo.

Kwenye ncha ya lagi, ufa unazunguka bomba kufuata ukingo: mara nyingi ni moto. Brasi inayeyuka karibu nyuzi 900, fedha karibu 650, fundi aliyepasha kupita hapo au aliyekaa mahali pamoja muda mrefu amelainisha na kuharibu chuma pale pembeni ya lagi, na pale ndo mpaka wa sehemu ngumu na sehemu inayocheza, kwaiyo kilometa zikiwa nyingi panaachia.

Kwenye mdomo wa lagi wenyewe, rangi imepasuka kufuata mstari wa lagi na kutu inachungulia: hapo bomba lenyewe linaweza kuwa zima kabisa, ila brasi haikuingia vizuri, palikuwa na uchafu au fluksi (dawa ya kusafisha ungio, kama boraksi) haikutosha, na ungio limeanza kuachia. Hii ndo nzuri kati ya mbaya, inaweza kusafishwa na kulehemiwa upya.

Mguu wa nyuma wa chini upande wa cheni, karibu na botombraketi au karibu na dropauti: uchovu tu wa chuma, ule upande ndo unaovutwa na cheni maisha yake yote. Angalia pia pale gia za zamani zilipofungwa kwenye bomba la mshazari na pale bolti za kushikia chupa zilipolehemiwa, maana vile vidude vimewekwa katikati ya bomba, penye ukuta mwembamba.

Na foki. Foki yenye ufa haitengenezwi, inabadilishwa, sina maneno mengi hapo. Bomba la miguu ya nyuma likikatika njiani unaweza kulifunga na kipande cha chuma na klipu za hozi ukasukuma taratibu mpaka kituo cha basi, foki ikipasuka hupandi hata mita moja.

Sasa kuhusu kutengeneza. Uzuri wa lagi ni kwamba bomba moja likifa siyo fremu nzima imekufa. Fundi anayejua anapasha lagi, brasi inayeyuka, anachomoa bomba bovu anaweka jipya. Jamani naomba sana, usipeleke fremu ya 531 kwa fundi wa mageti. Siyo kwamba hajui kazi yake, geti analijua vizuri, ila ile stiki ya umeme inayeyusha chuma chenyewe, kwenye nusu milimita inatoboa, akitoboa anajaza, akijaza anaacha donge gumu na pembeni yake chuma kimekuwa dhaifu, miezi michache ufa unatokea pembeni ya donge. Na kibaya zaidi ukichomea umeme juu ya ungio lenye brasi, brasi inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka na kuleta nyufa ndani kwa ndani. Mtafute fundi wa gesi, yule anayelehemu kwa vijiti vya brasi na boraksi, mwambie unene wa bomba kabla hajawasha, mwambie atumie mwali mdogo na asisubiri mpaka chuma kiwe cheupe. Fremu ya Phoenix atakuunganishia vizuri tu. Kwa bomba la stika ya 753 hata brasi hairuhusiwi, lile chuma kimepitishwa moto maalum kiwandani na linataka fedha tu, Reynolds wenyewe walikuwa hawauzi kwa fundi mpaka afaulu jaribio lao. Hilo lisubiri fundi anayelijua.

BOMBA LA SITI LIMEGANDA

Bomba la siti la alumini ndani ya fremu ya chuma, jasho, mvua, chumvi ya hewa ya Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, hakuna grisi, baada ya mwaka limeshikana. Alumini ikioza inavimba, ndo mana halitoki.

Watu wengi wanawasha moto. Usiwashe. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, ukipasha unalibana zaidi, na unaunguza rangi na pengine unafika kwenye lagi ya siti. Fanya kinyume, libaridishe. Kwanza legeza na utoe bolti ya siti kabisa. Geuza baiskeli chini juu, toa botombraketi, mimina mafuta ya kupenya kwa ndani yashuke kwenye bomba la wima mpaka yafike kwenye bomba la siti, yaache usiku, rudia siku kadhaa bila haraka. Amonia nayo inasaidia kwa sababu inakula ule uozo wa alumini, ila fanyia nje penye hewa na usiichanganye na jiki hata kidogo, ile gesi inaua. Afu weka barafu kwenye bomba la siti lenyewe, na ujaribu kulizungusha, siyo kulivuta. Likishazunguka kidogo tu umeshinda.

Watu wanabana kichwa cha bomba kwenye vaisi na kuizungusha fremu nzima, inafanya kazi, ila ukisikia fremu inajipinda acha, utavunja kitu cha thamani kuokoa kitu cha bei ndogo. Ikishindikana kata bomba la siti juu ya lagi ukiacha kipande, ingiza msumeno wa chuma kwa ndani ulichane kwa urefu, polepole, mpaka ufike karibu na ukuta wa fremu bila kuugusa, afu likunje kwa ndani. Kazi ya jasho lakini salama. Njia ya mwisho kabisa ni kostiki, ileile ya watengeneza sabuni, inayeyusha alumini na chuma inakiacha, ila inatoa gesi inayowaka na inachoma ngozi na macho vibaya sana, inabandua na rangi. Ukiifanya ni glavu ndefu, miwani, nje kabisa, watoto mbali, na kostiki ndo inatiwa kwenye maji, usimwage maji juu ya kostiki.

Ukishatoa, safisha ndani, grisi nyingi, na kila baada ya miezi michache lichomoe ulipake tena hata kama halina shida.

Kinyume chake, bomba la siti linashuka kila kilometa 30 hata ukikaza: pima. Fremu nyingi za 531 zinataka kipenyo cha milimita 27.2, mtu kaweka 27.0 au 26.8, akakaza mpaka masikio ya lagi yakagusana. Yakishagusana huwezi kubana tena hata ukivunja bolti. Nunua saizi sahihi, fungua masikio yanyooke yaende sambamba, angalia kama hayajapasuka kwenye mkunjo.

BAISKELI INAVUTA UPANDE

Ukiachia mikono inaenda kushoto tu. Geuza gurudumu la nyuma uliweke kinyume (cheni isahau kwa dakika moja). Kama ringi ilikuwa imekaa kushoto na sasa imehamia kulia, gurudumu ndo halina katikati, peleka kwa fundi wa spoku. Kama imebaki kushoto vilevile, ni fremu.

Hapo chukua uzi. Funga kwenye dropauti moja ya nyuma, uzungushe mbele kwenye shingo ya fremu, urudishe dropauti ya pili, uvute ukaze. Pima kutoka uzi mpaka bomba la wima upande huu na upande ule. Namba zilingane, tofauti ya milimita moja usihangaike nayo, ikizidi mbili au tatu nyuma imepinda. Chuma unaweza kukinyoosha baridi bila moto, huo ni uhuru ambao mwenye fremu ya kaboni hana. Ndo hivyohivyo watu wanavyopanua nyuma ya fremu ya zamani: milimita 120 kati ya dropauti ilikuwa ya gia 5, 126 ya gia 6 na 7, magurudumu ya baadaye ya barabarani ni 130, kutoka 126 kwenda 130 ni milimita mbili kila upande. Nenda kidogo kidogo, upande mmoja mmoja, pima kwa uzi kila baada ya kusukuma, na ukimaliza hakikisha dropauti zinatazamana sambamba, la sivyo eksoli itakuja kukatika na utalaumu eksoli. Gia zikiruka baada ya baiskeli kuangukia upande wa kulia ni kile kisikio cha kushikia gia kimepinda, nacho kinanyooka baridi.

KUTU YA NDANI

Itikise fremu. Ikilia ndani kama njugu kwenye kopo, hayo ni maganda ya kutu. Maji yanaingia juu kwenye bomba la siti na kwenye vile vitundu vidogo ambavyo fundi aliviacha wakati wa kulehemu ili hewa ya moto itoke, yanashuka yanakaa kwenye botombraketi. Fungua uone, ukikuta grisi imekuwa maziwa ya kahawia maji yamekaa muda. Gonga miguu ya nyuma ya chini kwa bisibisi ndogo urefu wote, sehemu nzima inalia wazi, sehemu iliyoliwa inalia bubu. Ikitobolewa na bisibisi hiyo imeshakwisha hapo, ni kubadilisha bomba.

Kama bado ni nzima: toa kila kitu, mwaga maganda, ikauke juani siku nzima, mimina mafuta ya kitani ndani ya kila bomba, izungushe fremu pande zote mpaka yapake kote, ining'inize ichuruzike siku mbili tatu mpaka yagande. Kama chini ya botombraketi hakuna tundu la kutolea maji toboa moja la milimita 4 au 5, katikati, mbali na ungio. Pwani rudia kila mwaka, bara unaweza kukaa zaidi. Na usiinunulie rangi mpya kabla ya hii kazi, rangi juu ya kutu inaficha tu mpaka lagi ianze kuvimba.

KAPU YA KULIA INAFUNGUKA YENYEWE

Kapu ni kile kikombe chenye nyuzi kinachofunga botombraketi kila upande. Umeikaza, umepanda kilometa 200, imelegea tena. Kabla hujalaumu nyuzi soma kilichoandikwa kwenye kapu. Ikiwa ni 36x24 hiyo ni fremu ya Kiitalia, kapu zote mbili zinafungwa kwa kuzungusha kulia, kwaiyo ya kulia inalegezwa na mwendo wenyewe wa kukanyaga. Za Kiingereza, 1.37x24, upande wa kulia unafungwa kinyume ndo mana hazina hiyo shida. Ya Kiitalia inataka nyuzi zisafishwe mafuta kabisa kwa petroli, gundi ya nyuzi ya kiwango cha kati, na spana ndefu yenye mtu mzima nyuma yake. Usilazimishe kapu ya Kiingereza humo kwa kuzungushia uzi au bati, kipenyo ni tofauti, itashika wiki moja afu itaondoka na nyuzi za fremu.